Mahali pa Kunyamaza

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama utanikumbuka, maana mara ya mwisho uliponiona nilikuwa na miaka kumi na tano, nikikubebea sanduku la kinasa sauti kila jioni na kujiona mhandisi. Mimi ni binti wa kiongozi wa uradi unaoimbwa kila jioni katika nyumba yetu ya ibada, yule mama uliyekaa naye miezi sita ukimrekodi. Yeye ndiye aliyeamua kukuita wifi kwa sababu, alisema, baba yangu hakumwachia hata dada mmoja wa kugombana naye. Ndiyo maana mimi nakuita shangazi, na kama umesahau, basi kumbuka sasa.

Anwani nimeipata nyuma ya kitabu chako. Kitabu chenyewe ndicho kilichoniponza, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Mama alipata kiharusi mwezi wa kumi. Mkono wa kulia umelala na maneno yamekwisha. Anafungua mdomo, anatafuta, anakosa, anafunga. Uongozi ukanijia mimi kama ulivyomjia yeye kutoka kwa mama yake. Siku ya kwanza niliongoza vizuri mpaka ubeti wa saba, pale tunaposema:

Nimechoka kuzunguka, nipo nje ninakuita.

Hapo nikanyamaza. Ndivyo mama alivyonifunza nikiwa mdogo, kabla kitabu hakijaja: ukifika hapo unakaa kimya kwa urefu wa mstari mzima, kisha unaingia ubeti wa nane. Lakini watu wote waliendelea na mstari ulio kitabuni mwako:

Nisipoona mlango, nipokee kwa ukuta.

Wao wanaimba, kiongozi wao kafunga mdomo. Mara ya kwanza walidhani nimekwamwa na kohozi. Mara ya pili wakanong'ona. Mara ya tatu Katibu wa nyumba alikuja na kitabu, akakifungua mbele yangu, akaweka kidole juu ya mstari kama anayemsomesha mtoto wa darasa la kwanza. Nikanyamaza vilevile. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba asiyefuata kitabu hafai kuongoza wala hafai kuishi ndani ya ua. Sasa nalala katika chumba cha kupigia pasi pale hospitalini, ninapofanya kazi ya udobi. Mama namwona Jumamosi mchana, nusu saa, Katibu akiwa amekaa mlangoni na kuchezea saa yake. Wamenipa jina, Bibi Kimya.

Utauliza mbona miaka yote haikuwa taabu. Mama alipoongoza aliuimba mstari wa kitabu pamoja na watu, nami nikiwa safu ya nyuma nilinyamaza na hakuna aliyeona. Niliwahi kumwuliza kwa nini anaimba kitu ambacho hakunifunza. Akasema, "Wifi kazunguka nyumba nyingi, huenda kakuta kilichotupotea sisi. Mimi naimba na watu. Wewe shika nilichokupa." Hajui kusoma, unajua hilo. Alikuamini. Na wenzake walionyamaza naye zamani, wengi wamekufa; waliobaki wanaapa hawakuwahi kunyamaza.

Nakuomba usikilize kanda ya mama ya wakati ule. Kama mstari umo katika sauti yake, niambie, nitajikaza kisabuni niuimbe na yaishe. Kama haumo, mwandikie Katibu. Hapa neno lako ni muhuri, hakuna atakayebisha. Simu nilikupigia mara tatu, ukawa unasema haloo, haloo, basi. Nikaona heri niandike.

Mwanao,
dobi


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nitakusahauje, na wewe ndiye uliyenidondoshea kipaza sauti kwenye ndoo ya maji? Nisamehe kwa kuchelewa. Nimesikitika mno kusikia habari za mama yako. Nilikaa na barua yako mapajani mpaka chai ikapoa.

Simu siisikii tena. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linapokea vishindo tu, na kifaa walichonivisha kinachemka kama kikaango. Mwanamuziki kiziwi. Cheka, mimi nimekwisha cheka. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa kuitungia nyimbo za mapenzi bendi ya hotelini. Nyimbo arobaini na mbili, mwanangu, na waliozicheza walizisahau kabla jasho halijawakauka. Nikachoka kutungia watu wanaotafuta mikoba yao waende nyumbani. Ndipo nikajitosa kwenye nyiradi, nikazunguka nyumba kumi na moja, nikafundisha chuoni mpaka nikastaafu. Katika wote niliowasikia hakuna aliyemfikia mama yako. Alikuwa akianza kuimba, mimi nasahau kuandika.

Kuhusu kanda, ziko stoo ya chuo na mashine ya kuzichezea imeharibika. Fundi anapiga danadana tu, kila siku kesho. Mstari wenyewe nadhani niliupata katika nyumba ya mlimani, nikauona unaingia vizuri pale. Ni zamani, mwanangu, kichwa nacho kina umri.

Lakini nikushauri kama shangazi yako. Imba. Mama yako mwenyewe aliuimba miaka ishirini na minane na hakupungukiwa na kitu. Mstari mmoja ni pumzi moja tu. Ukishautoa utarudi chumbani kwenu, utamlisha mama yako kwa mkono wako. Kuna haja gani ya kulala kwenye mvuke kwa ajili ya pumzi moja?

Nakuombea.

Shangazi yako


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda mlimani.

Niliomba siku mbili za mapumziko nikapewa moja, nikapanda mabasi mawili na kupandisha kwa miguu mpaka magoti yakaniambia tumekoma. Nyumba ile imebaki na wazee sita. Nikawaimbia ubeti wa saba, nikawauliza mstari wa kitabu wameupokea kwa nani. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwanangu, huo tumeutoa kwenye kitabu. Mjukuu wangu ndiye aliyetusomea. Mwanzo sisi pale tulikuwa tunanyamaza."

Basi umechanganya nyumba, Shangazi, na si ajabu kwa mtu aliyezunguka kama wewe. Usijilaumu. Ila ujue sasa kwamba hata wao walinyamaza. Mzee yule nilimwomba aje kutoa ushahidi. Akanionyesha miguu yake imevimba, nikashuka peke yangu.

Umeniuliza kuna haja gani. Nitakueleza alivyoniambia mama, nikiwa na miaka saba au minane, tukikunja nguo. Alisema, "Pale ni pa mtu mwenyewe. Umeshasema uko nje unaita. Sasa sema unachoitia, kimoyomoyo, hakuna atakayekusemea." Nikiwa mdogo nilikuwa naomba viatu. Halafu kuna miaka niliomba mtoto, miaka kama tisa hivi, jioni baada ya jioni, sikumwambia mtu hata mume niliyekuwa naye. Tangu mwezi wa kumi namwomba mama arudi. Mimi sina mahali pengine pa kusemea mambo yangu. Ukinijazia pale maneno ya mtu mwingine, hata yawe mazuri namna gani, nitakwenda kusemea wapi?

Na ni mazuri, hilo sikatai. Ndiyo maana watu hawataki kuyaacha.

Chumba hiki kina dirisha moja juu karibu na dari na mashuka ya wodi nne. Mlango wake umevimba kwa mvuke. Ukishafungwa haufunguki mpaka mtu wa nje aupige bega. Asubuhi namsubiri mwenzangu wa zamu anitoe. Jumamosi iliyopita mama alinishika kidole akakivuta, akakivuta, anataka kusema kitu, na machozi yanamtoka kwa hasira ya kushindwa. Katibu akasema muda umekwisha.

Mwambie fundi afanye haraka. Maji yamenifika shingoni.

Mwanao


1 Aprili
(haikupelekwa posta)

Mwanangu,

Mashine ni nzima. Haijawahi kuharibika. Na kanda yenyewe haiko stoo, iko hapa katika droo ya meza yangu, nimeiweka chini ya leso kama mtu anayeficha mkate.

Nilikuwa nimerudi mjini, naiandika kanda ya mama yako neno kwa neno, masikio yangu yakiwa bado masikio. Nikafika ubeti wa saba. Mama yako akaita, kisha sauti ikakatika, kisha ubeti wa nane. Nikadhani ni kosa la mashine. Mtunzi wa nyimbo hawezi kuona shimo katika ubeti akalala. Mizani kumi na sita hazipo, mwili mzima unakuwasha. Jioni hiyo naosha vyombo, mikono imejaa povu, mstari ukanijia mzima, wala sikuutafuta. Nikauandika kwa penseli, mahali pake, nikasema nikirudi kwa wifi nitamwuliza maneno ya kweli ni yapi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea tu. Lakini kabla ya kukipeleka kitabu kwa mpiga chapa niliisikiliza tena kanda, na katikati ya kimya kile nikasikia mtu akikohoa. Mashine ilikuwa inanasa. Walikuwa wamenyamaza, makusudi, mia mbili kwa pamoja. Nikajua, mwanangu. Nikachukua kalamu ya wino nikapita juu ya penseli.

Nitakwambia kwa nini, na utanichukia. Ni mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga. Nyimbo arobaini na mbili hazina mstari mmoja wa kusimama karibu nao. Siku tulipokileta kitabu kwenu, nilikaa nyuma nikasikia watu mia mbili wakiuimba, wanaume wazima wanajifuta macho, na hakuna aliyejua kwamba yule mama wa mjini anayelia nao analia kwa furaha ya mtunzi. Sikuwahi kuupata wimbo wangu ukipendwa hivyo, na huo mmoja siwezi kuutia sahihi. Nikisema ni wangu, si kitu tena. Nikinyamaza, unaishi. Kwa ajili yake nilipewa kazi, kwa ajili yake kila mwanafunzi wangu amefanya mtihani wa ubeti wa saba, na mimi nimekuwa mlinzi na mfungwa wa maneno matano.

Sasa nimekutuma wewe mlimani kupanda kwa magoti yako kutafuta kitu nilichokitunga mimi mbele ya karai la vyombo.

Hii siitumi. Najijua.


1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa safari, na pole zaidi kwa usumbufu niliokusababishia. Kweli nitakuwa nimechanganya nyumba. Uzee huu unanitania. Fundi bado. Nikipata kanda nitakuandikia siku hiyohiyo.

Vumilia kidogo, na ule vizuri.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na safari hii niitikie kwa furaha. Mama anaimba.

Muuguzi anayekwenda kumwogesha ndiye aliyegundua. Alikuwa anavuma uradi wakati anamsugua mgongo, na mama akaingia naye, maneno yote yamenyooka, ubeti wa kwanza mpaka wa nne. Muuguzi aliangusha sabuni. Hawezi kusema maji, hawezi kuniita, ila ukimwanzishia anaimba kama aliyefunguliwa kamba. Daktari anasema yapo mengi ya namna hii, eti wimbo unakaa chumba kingine kichwani na kiharusi hakikufika huko.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Katibu, na sare ya kazi, mikono ina harufu ya sabuni. Nikamwambia: mama yangu ameongoza nyumba hii miaka arobaini, aimbe yeye, peke yake, na atakachofanya kwenye ubeti wa saba kiwe ndiyo sheria. Akafikiri. Ni mtu mkavu lakini si mwonevu, nikisema kweli. Kamati imekubali mbele ya mashahidi. Jumapili ya tarehe tano Mei.

Kanda zako waziache zipumzike. Mama hatanitupa.

Mwanao


27 Aprili

Mwanangu wa moyoni,

Marahaba, marahaba mia. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikasahau kukaa. Ni kweli asemayo daktari, niliwahi kumwona mpiga ngoma wa bendi yetu hivyohivyo. Mama yako atamaliza maneno yote, na watamsikiliza, maana atakuwa ni yeye na si kitabu wala mimi. Ni bora hivi. Ni bora mara elfu itoke kwake.

Nguo yake uipige pasi wewe. Mchana huu, kwa mara ya kwanza tangu Februari, chakula kimepita kooni vizuri. Uniandikie upesi.

Shangazi yako


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Imekwisha.

Ua ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukingo wa kisima. Mama aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa nguo nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili. Mimi nilisimama nje ya kizingiti kwa kuwa ndani siruhusiwi. Katibu akaagiza mtu yeyote asifungue mdomo, kisha muuguzi akamwanzishia, na mama akaanza. Sauti ni ileile, imechakaa pembeni tu. Ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Alipoimba ninakuita nikafumba macho, nikaanza kuhesabu pumzi. Sikumaliza ya kwanza.

Nisipoona mlango, nipokee kwa ukuta. Waziwazi, Shangazi. Hakusita hata kidogo.

Watu walisimama. Wengine walilia. Mama mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga akanigeukia, "Hata mama yako umemsingizia?" Katibu hakunicheka. Aliniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Sasa Jumamosi nazo zimefutwa, mpaka nisimame mbele ya nyumba nikiri kuwa nilisema uongo, kisha niuimbe mstari mara tatu kwa sauti. Nimekubali. Nitafanya nini? Mama yuko upande ule wa ukuta na mimi niko huku. Tarehe mbili Juni. Naufanyia mazoezi wakati napiga pasi, na kila nikifika pale naunguza shuka.

Kuna kitu kinanitisha kuliko hicho. Nimeanza kufikiri kwamba labda ni mimi. Labda nilikuwa mtoto nikaota mama ananiambia ninyamaze tukikunja nguo, nikajijengea dini yangu mwenyewe safu ya nyuma. Wazee wa mlimani nao labda ni uzee. Mtu akiwa peke yake muda mrefu anaweza kuwa na uhakika wa kitu kisichokuwapo.

Nisamehe kwa kukusumbua na kanda. Na nisamehe jingine: siku mbili tatu hivi, baada ya kutoka mlimani, nilikutilia shaka wewe. Naona haya kuliandika.

Mwanao


15 Mei

Kwa Katibu na Kamati ya Nyumba,

Mstari wa pili wa ubeti wa saba, kama ulivyo katika kitabu changu, haukutoka kwa kiongozi wenu wala katika nyumba yoyote. Niliutunga mimi, nyumbani kwangu, miaka ishirini na minane iliyopita. Nilijua kabla ya kuchapisha kwamba mahali pale watu hunyamaza. Kanda naiambatanisha. Isikilizeni: baada ya neno ninakuita kuna kimya, na ndani ya kimya hicho kuna mtu anakohoa, kwa hiyo hakuna atakayesema ni mashine.

Kiongozi wenu ameuimba kwa sababu mmeuimba naye miaka hiyo yote. Aliniamini, nanyi mliniamini. Aliyenyamaza peke yake ndiye aliyekuwa sahihi, nanyi mmemtoa nje kwa kosa langu. Msimsimamishe tarehe mbili. Kama kuna wa kusimamishwa, nipo.

Nakala ya barua hii nimeipeleka chuoni.

Mwalimu mstaafu, mtunzi wa kitabu


15 Mei

Mwanangu,

Hukuota. Alikwambia hivyohivyo, mkikunja nguo. Soma nakala iliyo humu ndani. Pamoja nayo nimeweka barua nyingine ya Aprili ambayo sikuituma. Isome yote, hata pale panaponivua nguo.

Nilifurahi mama yako aliposemekana anaimba kwa sababu nilidhani ataniokoa. Nilikuacha usimame kwenye kizingiti kile ukafedheheke, nami hapa chakula kinapita kooni vizuri. Kama ungeniandikia kwamba unanilaani, huenda ningejifungia tena. Uliniomba msamaha. Hilo sikuliweza.

Sistahili kuuliza, lakini nauliza kama iko siku utanisamehe.

Shangazi yako, kama bado unaniruhusu


4 Juni

Kwa Mwalimu,

Barua yako na kanda vimepokelewa. Kamati imekaa vikao vitatu na kuisikiliza kanda mara tisa. Kikohozi kimesikika.

Imeamuliwa kwamba binti wa kiongozi arudishwe chumbani kwake na katika uongozi, na aombwe radhi mbele ya nyumba; jambo hilo limefanyika, nami ndiye niliyesema. Mstari umefutwa. Jina lako limeondolewa katika ubao wa wafadhili na unaombwa usifike katika nyumba hii mpaka utakapoitwa.

Nakala za kitabu ziko sitini na nne. Nimefuta mstari kwa mkono wangu katika kila moja, kwa wino mweusi, siku mbili. Nje ya shughuli za kamati napenda ujue kwamba nilimzika mke wangu nikiwa nausema mstari huo. Nilikuwa sina kingine cha kusema. Sasa sijui nilichokisema ni nini.

Katibu


23 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeendelea kukuita shangazi kwa sababu jina hilo alikupa mama, si langu kulifuta.

Nimerudi. Nalala kitanda kilekile, mama kitanda cha pili, namlisha uji kwa kijiko na anautema anapoona ni wa moto mno, kwa hiyo hasira zake zipo, hazikuguswa. Watu wanaona aibu kunisalimia. Yule mama aliyenibeba mgongoni ameniletea ndizi mara nne, anaweka na kukimbia. Barua yako ya Aprili nimeisoma. Niliitupa chini ya kitanda, nikaiokota, nikaisoma tena. Umeuliza kama iko siku. Leo si siku hiyo. Bado nakumbuka nilivyokuomba radhi.

Lakini nataka nikwambie kinachotokea hapa, maana hakuna mwingine nitakayemwambia akaelewa.

Jioni ya kwanza niliongoza. Tulipofika pale, nyumba nzima ikanyamaza. Ulikuwa unyamavu wa watu wanaojizuia. Unaona midomo inataka kwenda, wanaibana. Nilikuwa nimeungoja tangu utotoni, kimya cha watu wote na si changu peke yangu. Nikafumba macho niseme langu. Na mama, kwenye kiti chake ukutani, akaimba.

Nisipoona mlango, nipokee kwa ukuta. Peke yake, kwa sauti ya juu, akaniangalia kwa mshangao kwamba mbona namwachia mzigo. Alipomaliza nikaingia ubeti wa nane.

Nilidhani atajifunza. Kila asubuhi nimekaa naye, namwimbia, nikifika hapo naweka kidole mdomoni. Anakitazama kidole, anaimba. Jioni ni hivyohivyo. Wiki iliyopita Katibu alikuja, amekunja mikono nyuma, akasema kwa upole kwamba kwa kuwa mstari umefutwa kwa uamuzi wa kamati, na sheria ni moja kwa wote, pengine saa ya uradi mama akae chumbani na mlango ufungwe. Akaongeza kwamba mimi ndiye kiongozi, nitakavyoamua ndivyo. Nikamwangalia. Miezi minne walinifungia nje kwa kunyamaza, sasa naombwa nimfungie ndani mama kwa kutonyamaza, na ufunguo nimepewa mimi.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia pale ni pa mtu mwenyewe, kila mmoja husema lake moyoni, na mama moyo wake umehamia mdomoni. Akaikunjua mikono, akasema, "Basi na mimi namshukuru." Siku hizi anakaa karibu na kiti chake.

Ndiyo hali yenyewe. Hawezi kuomba maji. Jina langu amelipoteza. Kati ya maneno yote aliyowahi kuwa nayo, hayo ndiyo anayoyatoa kwa kunitazama usoni, na si yake, ni yako, uliyatunga na povu mikononi. Nafasi yangu ya kusemea nimerudishiwa na siisemei tena, maana nikifika pale nasikiliza yeye tu. Kama namwomba mama arudi, ndiyo kurudi kwake huko, saa moja ya jioni, mstari mmoja.

Mstari wako umebaki na mwimbaji mmoja. Wengine siwaruhusu, na hawathubutu. Jana sauti ilimkatika katikati, akapumzika, akamalizia. Siku atakaposhindwa kumalizia, pale patakuwa kimya kabisa kama alivyonifunza, na mimi sijui nitapavumilia vipi.

Binti yake